Ekari Tatu za Matete

Alhamisi, 13 Machi

Nimepoteza ekari tatu za matete, mashina elfu kumi na mbili, jana Jumatano tarehe 12 Machi, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Naanza kwa kuliandika hilo kabla hajatokea mtu wa kuniambia sivyo.

Wengi wakiyaona haya matete wanadhani ni chakula cha ng'ombe. Siyo. Yanapandwa kwa pingili kama muwa, yanarefuka kupita paa la nyumba, yakikauka yanakatwa, yanafungwa marobota na kupelekwa kiwandani kuchomwa kwenye boila inayozalisha umeme. Unapanda mara moja, unavuna miaka kumi na tano. Mimi niko mwaka wa nne. Mali yenyewe haiko juu, iko chini, kwenye shina lililojizika udongoni. Ndiyo sababu hayakatwi mpaka majani yawe manjano, maana hapo chakula kimeshateremka mizizini. Na mashine haiingii udongo ukiwa umelowa, maana shina likipondwa limepondwa, halina daktari.

Jana majani yalikuwa ya kijani kibichi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mashine ya kiwanda ikaingia na matrela manne.

Mimi sikuwepo. Ni fundi ujenzi, mwaka wa ishirini na mbili huu, na jana tulikuwa tunamwaga zege la mkanda wa juu ya kuta kwenye bweni la shule, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Zege likianza kumwagwa huliachi hata nyumba yako ikiungua. Shamba nilimwachia mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Nimemuuliza.

"Dada, walikuja na ufunguo wao. Nilikuwa nimekwenda kusaga. Narudi, bonde lote limelala."

"Tangu lini kiwanda kina ufunguo wa geti langu?"

"Wale si wana kila kitu."

Alikuwa anasema huku anafunga kamba za viatu. Nimemhurumia, nikamwambia akale.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshinda bondeni. Magurudumu yamechimba mifereji inayonifika chini ya goti, na imejaa maji. Wamekata usawa wa ardhi, wakati mkataba unasema kiachwe kisiki cha shibiri moja.

Nilibeba nondo na nyundo. Juu, kwenye ekari mbili ambazo hawakuzigusa, nondo inazama mkono mzima kwa mapigo manne. Kwenye njia ya matrela, mapigo ishirini na matatu. Nimejenga nyumba kwenye udongo laini kuliko huo.

Na hili naliandika kwa sababu sitaki mwingine aliseme kabla yangu: geti nililijenga mimi, upande wa bondeni, karibu na barabara. Nguzo mbili za zege, chuma kizito, watu wakapita wakisifia. Bonde ndilo linalotuama maji, na trela lisingeweza kuingia wala kutoka bila kulikanyaga. Fundi mzima, nikatazama uzuri wa geti nisitazame maji yanaelekea wapi. Lakini geti halikujifungua lenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Kiwandani. Wameniweka kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano na nusu. Ofisi ya meneja ina zulia, nikavua buti zangu zenye matope nikaingia na soksi. Nilijuta papo hapo. Mtu ukiwa na soksi hugombi vizuri.

"Mama, matete hayafi," meneja akasema. "Ni jadi yake. Ukiyakata yanacheka."

"Yangu umeyakanyaga na trela la tani kumi na mbili mara arobaini. Nimehesabu mizunguko kwenye tope. Wewe ungecheka?"

Akatabasamu, akamwita bwana shamba wao, kijana mwembamba mwenye pikipiki na buti safi. Huyu kila ukimuuliza jambo anasema tusubiri kidogo, na kwangu mimi jina lake ni Bwana Subiri.

"Udongo ulikuwaje siku ile?" meneja akamuuliza.

Bwana Subiri akatazama zulia. "Tusubiri machipukizi, bosi."

Nikamwambia mbele ya bosi wake kwamba mwanamume anayesoma zulia badala ya udongo akatafute kazi ya kufagia.

Meneja akanisomea mkataba kana kwamba sikuutia sahihi mwenyewe. Siku ya tisini baada ya mavuno, wakaguzi wanakuja kuhesabu. Shamba likipoteza zaidi ya nusu ya mashina kwa uzembe wa mkulima, kiwanda kitaliendesha chenyewe hadi mkataba uishe. Siku ya tisini ni Jumanne, 10 Juni. Mkataba una miaka kumi na mmoja mbele. Nina miaka hamsini na mitatu. Yaani ardhi niliyoinunua kwa kubeba tofali kichwani nitarudishiwa nikiwa na sitini na minne.

"Kwa nini mliingia wakati wa mvua?"

"Boila ilikuwa inaelekea kuzima, mama. Mji ungekaa gizani."

Kumbe mimi ndiye kuni.

Jumanne, 18 Machi

Hesabu. Shamba zima ekari tano, mashina elfu ishirini. Ya juu, elfu nane, mazima. Nusu ni elfu kumi. Kwa hiyo bondeni yanatakiwa yafufuke elfu mbili tu kati ya elfu kumi na mbili. Nimepima kwa kamba na vigingi viwanja kumi, kila kimoja mita kumi kwa kumi, mashina mia. Jumla elfu moja. Kati ya hayo yakichipua mia moja sitini na saba, shamba ni langu. Yakipungua, ni lao.

Mia moja sitini na saba. Nimeiandika kwa chaki mlangoni.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Jumatano, 26 Machi

Viwanja kumi, machipukizi sifuri. Dereva wa trela kanisimamisha barabarani anacheka, anasema marobota yangu yaliyorundikwa mabichi uwanjani kwao yameanza kufuka moshi yenyewe, wameyatawanya kwa koleo. Boila haikuyataka. Wameua shamba langu na nyama wameitupa.

Jumanne, 1 Aprili

Kitinda kapata kazi. Karani wa mizani, kiwandani. Alikuja na shati jipya kuniaga, hatulii, anaingia na kutoka mlangoni.

"Kwa hao hao?" nikamuuliza.

"Dada, kazi ni kazi. Nikiwa ndani si nitakusaidia?"

Nimemlea huyu tangu ana miaka sita. Nilikuwa nachanganya zege na yeye kakaa juu ya mfuko wa saruji anakula. Nikasema haya, nenda, ukaone wanavyopima. Baadaye nikaosha sufuria moja mara tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Kumi na mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Sitini na nne. Jua la kutosha, udongo una joto. Nilitembea kiwanja kwa kiwanja nikiwa nimeinama mpaka mgongo ukagoma. Wanawake wanaonipalilia ekari za juu wamekaa kunitazama, mmoja akaniambia, "Fundi, hata kuku hatazami mayai yake hivyo." Nikamwambia kuku hajatia sahihi mkataba.

Jumatano, 16 Aprili

Mia moja ishirini na moja. Siandiki kitu kingine nisije nikajikwaa.

Jumatatu, 21 Aprili

Mia moja themanini na nane. Nimehesabu mara mbili. Mia moja themanini na nane, na bado siku hamsini. Nimepita mbele ya ofisi ya kiwanda bila shughuli yoyote, polepole.

Jumatano, 23 Aprili

Bwana Subiri kaja. Hakuja na pikipiki, alikuja kwa miguu, ana nguo za nyumbani, na ilikuwa jioni baada ya kazi. Nilikuwa nimeshika jembe na sikuliweka chini.

"Fundi, naweza kuona viwanja vyako?"

"Vione. Mia moja themanini na nane. Kaandike na hiyo."

Akachuchumaa kiwanja cha kwanza. Akashika chipukizi, akalivuta taratibu. Likatoka na vijizizi vyembamba kama nywele. Akashika la pili, vilevile. La tatu likagoma. Akafukua pembeni kwa vidole, akanionyesha limetokea kwenye shina nene, jeupe, gumu kama tangawizi.

"Hili ni tete," akasema. "Yale mawili ni nyasi pori. Zikiwa changa zinafanana, hata mimi mwaka wa kwanza nilidanganyika. Usiangalie jani. Vuta."

Tukavuta pamoja, viwanja vyote kumi. Kila likitoka jepesi nilihisi mtu ananing'oa jino. Mengine tulifukua hadi chini tukakuta shina limekuwa kahawia, limelainika, lina harufu ya uchachu. Ukibonyeza kwa ukucha linatoa maji.

Yaliyobaki ni sabini na moja.

Nimekuwa nikilea magugu na kuyahesabu kwa furaha. Nilitaka kumtupia tope mtu huyu kwa kuniletea habari. Badala yake nikampa maji ya kunawa, akanawa, akaondoka. Hakusema tusubiri.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefuta chaki mlangoni.

Jumatano, 7 Mei

Sabini na nane. Mvua imekata. Njia za matrela zimekauka na kupasuka, mguu unapita kwenye ufa.

Jumamosi, 10 Mei

Bwana Subiri kaja tena, kanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni nakala ya ripoti yake kwa meneja, ya tarehe 10 Machi, siku mbili kabla. Naiandika kama ilivyo: "Majani bado mabichi. Bondeni maji yametuama. Shamba hili lisivunwe kabla ya wiki tatu."

"Uliandika hivi, halafu ofisini ukaniachia nikutukane?"

"Nina mkataba wa miezi mitatu mitatu, Fundi. Wa sasa unakwisha mwezi wa sita." Akakuna shingo. "Ulinitukana vizuri, lakini. Mke wangu nilipomsimulia hiyo ya kufagia alicheka siku mbili."

Nikamwomba radhi. Si mara nyingi naomba, ilitoka kama msumari kwenye mbao mbichi. Kisha nikamuuliza kilichokuwa kinanikera: ufunguo waliupata wapi.

"Ufunguo gani? Kiwanda hakina ufunguo wa shamba la mtu yeyote. Haturuhusiwi. Mashine haiingii mpaka mkulima au mwakilishi wake afungue na atie sahihi karatasi ya kuingilia. Kaiulizie hiyo karatasi."

Funguo za geti langu ziko mbili. Moja inaning'inia shingoni mwangu.

Jumapili, 11 Mei

Sikumuuliza. Kaja kula na watoto wake, kaleta sukari. Nimemtazama akitafuna.

Jumatano, 14 Mei

Themanini. Nimeomba karatasi ya kuingilia. Karani wa ofisi kasema itafutwe.

Jumatano, 21 Mei

Themanini na mbili. Karatasi bado inatafutwa. Kiwanda kinachopima unyevu wa jani moja hakioni karatasi.

Jumamosi, 24 Mei

Wifi kaja peke yake, mke wa Kitinda. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyepakia mzigo kwenye gari la wengine.

"Wifi, nakwambia na usimwambie nimekwambia."

"Sema."

"Yeye ndiye aliyefungua. Meneja alimpigia simu asubuhi ile, akamwambia wameshaongea na wewe na umekubali. Na kwamba kuna nafasi mizani. Alivyosema nafasi mizani, wifi, mume wangu akasahau hata kukupigia."

"Hakusahau. Simu yangu ilikuwa mfukoni siku nzima."

"Basi hakutaka kusikia jibu." Akaanza kulia, kwa hasira zaidi ya huzuni. "Ananiambia nisikutazame usoni. Sasa mimi na wewe tunateka maji bomba moja, nitatazama wapi?"

Miaka ishirini na mbili nahesabu tofali, nondo, mifuko, siku. Funguo mbili zimenichukua wiki kumi kuzihesabu. Si kwamba sikujua hesabu. Nilikuwa nalizunguka jibu kama mtu anayezunguka shimo la choo gizani, analijua lilipo kwa harufu.

Nimeona haya kwamba kwa miezi miwili nilimchukia mgeni aliyeandika ukweli, nikampakulia chakula niliyemzoea.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemfuata mizani. Malori matatu kwenye foleni, yeye kwenye kibanda cha vioo na kalamu sikioni. Nilibisha kioo kama mteja.

"Dada, si hapa."

"Ni hapa hapa. Ulifungua?"

Akamtazama dereva, akaitazama mizani, akashusha sauti. "Nilifikiri mmeongea. Meneja alisema mmeongea."

"Na tope uliliona au hukuliona?"

"Dada, nina watoto wanne. Nikifukuzwa hapa utawalisha wewe?"

"Nani aliyekulisha wewe?"

Lori la nyuma likapiga honi. Akaandika uzito wake. Nilisimama mpaka akamaliza malori yote matatu, hakuinua uso. Nilipotoka mlinzi akaniuliza kama nimehudumiwa. Nikamwambia nimehudumiwa sana.

Jumatano, 28 Mei

Themanini na tatu.

Jumatano, 4 Juni

Themanini na tatu. Hakuna jipya litakalochipua sasa. Themanini na tatu kwa elfu, maana yake bondeni yamebaki kama elfu moja, na ya juu elfu nane. Elfu tisa. Nimepungukiwa na elfu moja.

Ijumaa, 6 Juni

Barua ya kiwanda. Ukaguzi Jumanne saa tatu asubuhi. Karatasi ya kuingilia ambayo ilikuwa haionekani imeonekana, imebandikwa nyuma ya barua: "Mwakilishi wa mkulima amekagua na kuthibitisha kwamba udongo ni mkavu na unafaa kwa mashine." Sahihi ya Kitinda, ile yenye mkia mrefu, ambayo nilimfundisha mimi kwenye meza hii hii. Barua inasema kwa hiyo hasara ni uzembe wa mkulima.

Nilikuwa nimesimama wakati naisoma na nikabaki nimesimama.

Jumamosi, 7 Juni

Bwana Subiri kasema atakuja na ripoti yake na ataisoma mbele ya wakaguzi. Nikamkumbusha mkataba wake wa miezi mitatu. Akasema unakwisha tarehe 30 hata hivyo, na mke wake ana cherehani. Lakini kanieleza wazi: ripoti ni ya tarehe 10, sahihi ni ya tarehe 12. Wakaguzi watasema udongo ulikauka siku mbili zile. Ukiacha watu wa kiwanda, aliyesimama bondeni asubuhi ya tarehe 12 ni mmoja tu.

Jumapili, 8 Juni

Kitinda hakuja kula.

Jumatatu, 9 Juni

Ukurasa huu nauchana. Wifi ataupeleka leo jioni. Mdogo wangu, kwa hiyo kuanzia hapa naandika kwako.

Sikuulizi kwa nini. Sababu zako nazijua zote, na moja yake ni ya kweli: watoto wanne ni watoto wanne. Sikuulizi kama ulidanganywa na meneja. Huenda ulidanganywa. Mimi pia nimedanganywa, na nyasi na wewe, najua inavyokuwa mtu akitaka sana kuamini.

Sikutishi pia. Ukinyamaza, kesho wanachukua ekari zote tano kwa miaka kumi na mmoja. Mimi nitarudi kwenye zege, mikono bado ninayo. Hutanisikia nikikusema mtaani. Watoto wako watakula kwangu Jumapili kama kawaida. Wewe hutakula.

Ukisema, utapoteza kazi, na hilo sikufichi wala silipambi. Naweza kukupa ekari ya bondeni iliyo karibu na geti uipande upya kwa mikono yako, pingili kwa pingili, na mavuno yake yawe yako. Mwaka wa kwanza haitakupa kitu. Ni hiyo tu niliyo nayo.

Ninachotaka ni neno moja, na nalitaka mbele ya wakaguzi, si kwenye kibanda cha vioo wala kupitia kwa mkeo. Gari lao linafika saa tatu. Uwe getini saa mbili na nusu, ukiwa na ule ufunguo, uniambie mimi kwanza, ukinitazama.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi, ulipoandika kwamba udongo ni mkavu, viatu vyako vilikuwa na tope au havikuwa nalo?